Mchoraji wa Migongo

Juu ya mlango wa saluni yangu ya Rumonge palikuwa na kibao chenye wanawake watatu, na hakuna hata mmoja aliyekuonyesha uso. Wote wamekupa migongo, kama watu wanaosubiri gari la Bujumbura na hawana habari na wewe. Unaona visogo tu: mmoja kasuka twende kilioni, mwingine mabutu, wa tatu mistari midogo midogo inayokwenda upande kama mtu aliyelima shamba la mteremko. Wageni walisimama wakashangaa. Wengine waliingia ndani kuniuliza kama nimegombana na aliyenichorea.

Aliyenichorea ni Mchoraji. Jina analo, wazazi walimpa, lakini soko zima lilimwita Mchoraji na mimi sitaanza leo kumwita vingine. Mwanamke mwembamba, mrefu, mtandio siku zote umeteleza mabegani, kucha zina rangi ambayo haikuwa ya kucha. Nimekaa naye Rumonge miaka mingi, tukagombana mara nyingi, na ukiniuliza ni nani fundi hodari kuliko wote niliowahi kuwaona pwani ile ya ziwa, nitakutajia yeye kabla hujamaliza swali.

Siku nilipompa kazi ya kibao nilijua ninachokitaka. Nilitaka mwanamke mzuri, midomo myekundu, anacheka, nywele zimemwagika. Nikamweleza kwa mikono na macho. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Uso sichori, Mama Deo."

"Juu ya nini? Haujui?"

"Sichori."

"Wee! Sasa watu watajuaje kama hapa iko saluni? Watafikiri ni duka la viazi."

Alinizunguka, akasimama nyuma yangu, akaniangalia kisogo kwa muda ambao ulinikera. Kisha akasema, "Mutu akiya kusuka, uso wake anabaki nao mwenyewe. Weye anakuachia nyuma. Basi miye nitachora ile anakuachia."

Nilikasirika, sitaki kudanganya. Nilisema maneno ambayo mama mkristo hapaswi kuyasema mbele ya wateja. Lakini kibao kilipopanda juu ya mlango, wanawake walianza kusimama barabarani na kunyoosha vidole: "Nisuke kama ule wa katikati." Mwanamke mmoja wa Bugarama aliyeshuka kuuza maharage aliacha maharage yake kwa jirani akaja kukaa kwenye kiti changu. Tangu siku hiyo nikamwachia Mchoraji afanye anavyojua.

Habari ya uso nilikuja kuipata baadaye, siku niliyomkamata kwa nguvu nimchane nywele. Maana hilo nalo ulijue: yule mtu aliyechora nywele za wenzake unywele kwa unywele, zake mwenyewe zilikuwa aibu. Nilimkalisha, nikamshika kichwa, akawa hana pa kukimbilia, ndipo akanisimulia.

Baba yake alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Waswahili, mashine yake barazani, na saa za sala zikifika alikuwa yeye anayeadhini kwenye msikiti mdogo wa hapo karibu. Sauti tamu ajabu. Mimi si wa dini yake lakini nikimsikia niliacha kuchana. Mchoraji akiwa mtoto alikaa chini ya meza ya baba na vipande vya chaki ya fundi, ile bapa ya kukatia nguo, akachora juu ya chochote kilichoanguka. Hakuna aliyemfundisha. Alichora jogoo kwenye bitana ya koti la mchuuzi mmoja wa samaki. Baba hakuona, akashona, koti likaenda. Mchuuzi akalivua harusini, mbele ya wakwe, jogoo huyo hapo ndani! Baba aliomba radhi hadi akachoka, lakini Mchoraji aliniambia jioni ile alimsikia akicheka peke yake kwenye cherehani.

Likizo walimpeleka Kizuka kwa mama yake mkubwa, aliyekuwa anakamua mawese. Huko chaki hakuna. Basi akachukua makaa na mafuta mekundu, akachora ukuta mzima: wanawake wakikanyaga ngazi, zile tende za mchikichi, mikungu, moshi. Akalala ana furaha. Kulipokucha siafu walikuwa wamepanda ukutani wanafuata mafuta, kila mstari umejaa siafu, picha nzima inatembea. Mama mkubwa akapiga kelele kijiji kizima kikaja. "Ile ndiyo picha yangu ya kwanza watu walikuja kuangalia," alisema Mchoraji, na alisema kwa majivuno kabisa.

Kisha ikaja ile ya kitambaa cheusi. Alimchora jirani yao kwa chaki nyeupe, uso peke yake, macho yamekutumbulia. Baba alikivuta kitambaa akate suruali, akakitazama, akakiachia kikaanguka. Hakumpiga. Alinawa mikono, akamwita, akamwekea chai kwenye bilauri yake mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya hata kwa watoto wa kiume. Akamwambia, "Mwanangu, siku ya kiama aliyechora uso ataambiwa autie roho. Weye roho utaitoa wapi? Chora ginsi unavyotaka, sikukatazi. Uso tu, uniachie."

Akakubali. Mtoto anaweka chai ya baba yake mdomoni, atakataa vipi? Na neno lile akalishika toka utoto mpaka mvi zilipomwanzia.

Lakini sikiliza sasa kilichomuuma, maana si ahadi iliyomuuma. Tangu siku hiyo baba yake hakuangalia tena alichokichora. Hata kimoja. Alikuwa anaogopa, nadhani, asije akakuta uso akalazimika kugombana na mtoto anayempenda. Barabara ya sokoni ilijaa kazi za Mchoraji, na mzee yule aliipita akienda msikitini huku macho yamemshuka kwenye viatu. Akipita mbele ya saluni yangu aliniamkia bila kuinua kichwa, "Amahoro, Mama Deo," nami niliitika "Amahoro, mzee," kibao chetu kikiwa juu ya kofia yake. Mchoraji aliwahi kuniambia: "Kama angeangalia mara moja tu, angeona nimeshika neno lake. Hajui. Baba yangu hajui kama nimeshika." Hicho tu ndicho alichokitaka duniani, na nilikuwa namhurumia mpaka nakasirika.

Kuishi kwa brashi hakukuja kwa siku moja. Alianza kwa kuuza rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na tajiri alimruhusu kuchukua makopo yaliyokauka juu. Alikuwa anayavunja ngozi kwa kijiti, anachimba rangi iliyobaki hai huko chini, na kwa mabaki hayo akachora mlango wa kinyozi, kisha wa butike ya nguo, kisha mtumbwi. Siku moja alikuja kwangu anacheka, kopo mkononi. "Nimeacha, Mama Deo. Sina patroni tena. Patroni ni miye." Nilimuuliza atakula nini. Akasema atakula na mimi. Na kweli, wiki za mwanzo alikula kwangu, na alikuwa mlaji.

Baada ya hapo ungemkuta popote. Alikuwa na baiskeli ya kiume, makopo yananing'inia pande zote, unamsikia kabla hujamwona. Leo yuko Magara anaandika majina ya mitumbwi, kesho yuko kwa muuza dawa. Mitumbwi aliipenda lakini maji aliyaogopa kama paka. Wavuvi walimcheka: mtu amechora mawimbi kuanzia mwanzo wa pwani hadi mwisho, na hajawahi kulowesha magoti. Mtumbwi ulipaswa kuvutwa nchi kavu kabisa, mbali, ndipo asogee. Na yule mwenye subira ya kukaa nusu siku kwenye pindo moja la kanga, hakuweza kusubiri chai ipoe. Aliunguza ulimi kila alipokuja kwangu, na kila mara alinilaumu mimi.

Kazi yake aliifanya kwa kufuata watu. Ukitaka akuchore, hakukalishi. Anakwambia nenda zako. Halafu unatembea sokoni, unanunua nyanya, unabishana, unasahau, kumbe yuko nyuma yako na mtandio wake umeteleza. Alisema mtu akijua anaangaliwa mgongo unadanganya nao. Waume wawili watatu walimshuku kwamba ametumwa na wake zao, na mmoja alikimbia kweli, kwa hiyo sisi wote tukajua kumbe yule alikuwa na la kukimbilia. Tulicheka mwezi mzima.

Mchungaji mmoja wa Wakongomani waliotoka upande wa Uvira alimwita achore mitume ndani ya kanisa lao jipya. Mimi mwenyewe nilikuwa nasali pale. Nilimwonya mchungaji: huyu uso hachori. Mchungaji akasema Mungu atamwongoza. Mungu akamwongoza kuchora mitume kumi na wawili wanatembea, wametupa migongo, vumbi kwenye visigino. Jumapili ya kwanza watu hawakusikia mahubiri. Mama mmoja wa kwaya akasimama, "Mchungaji, banatukimbia! Mitume banatoka, banatuacha!" Na ilikuwa kweli, ukiwatazama uliona wanakwenda zao. Mchungaji alikuna kichwa siku kadhaa, halafu akamwita Mchoraji, wakapaka chokaa ukuta ule, naye akawachora upya nje, pembeni ya mlango. Sasa ukija kanisani unawakuta mitume wako mbele yako, wanaingia. Unawafuata tu. Hadi nilipohama, nikiingia mlango ule nilikuwa naharakisha kidogo ili wasinitangulie sana.

Kazi iliyonishinda kuitazama bila machozi iko Magara, ukuta wa mwenye kununua samaki. Wanaume wanavuta wavu, wameinama, migongo ya kila namna. Wavuvi walikuja wakajitambua: huyu mimi, huyu wewe na kibyongo chako. Akatokea kijana wa Magara ambaye kaka yake alifariki, akasimama mbele ya mgongo mmoja wenye shati lililopasuka begani likashonwa. Akasema, "Ile shati niliishona miye." Mchoraji alimfuata marehemu sokoni zamani, akamweka kichwani mwake. Kijana akaomba awe anakuja. Mwenye ukuta alikuwa ameshapanga kuweka mlango hapo, akaacha. Picha za uso marehemu alikuwa nazo, kwenye simu zipo. Lakini kijana alisema kwenye simu kaka anamtazama mpiga picha, hapa anafanya kazi naye.

Usidhani alipendwa siku zote. Yalipoanza kuja mabashi, yale mabango ya plastiki yaliyochapwa Bujumbura, yenye watu wanaocheka meno thelathini na mawili, wateja walimtoroka mmoja mmoja. "Bashi iko na macho," walisema. Likaja shirika moja, linataka ukuta mkubwa wa kliniki, mama na mtoto, kazi ambayo ingemlisha mwaka mzima. Mchoraji akawachorea mfano kwenye karatasi: mama kwa nyuma, mtoto mgongoni kalala, kichwa kimelalia upande wa pili, miguu miwili inatoka kwenye kitenge. Mungu wangu, nilitaka kumshika mtoto yule nimpandishe, alikuwa ameteleza. Wale watu wa shirika walisema ni nzuri lakini mama anapaswa kuonekana. Akakataa. Wakaenda, wakaleta bashi.

Hapo nilimfokea kweli. Nilimwambia, "Weye ni mujinga. Mzee hatoki tena nyumbani, anaishia barazani tu. Chora uso upate kula. Nani atajua?"

Aliniangalia kama mtu aliyesikia swali la mtoto. "Miye nitajua. Na siku ya kiama na yeye atajua. Hao ni watu wawili, Mama Deo. Ni wengi."

Akala dagaa bila mafuta mvua nzima. Mimi nilimpelekea mafuta, akayarudisha, nikayapeleka tena, akayapokea bila kusema asante. Ndivyo alivyokuwa. Moyo wake ulikuwa mgumu kama jiwe na mimi nilimpenda kwa sababu hiyo hiyo, ingawa wakati ule ningekana.

Mama yake Mchoraji alipofariki, mzee aliinama. Mama huyo alikuwa muuza dagaa, mkubwa wa mwili, mcheshi, nilimsuka mimi kila Ijumaa. Baada ya matanga mzee akaanza kusahau. Kwanza alisahau nguo za watu kwenye mashine, kisha akasahau mashine yenyewe. Halafu ikaja ile mbaya kuliko zote: akasahau kwamba mke wake amekufa. Asubuhi anauliza, "Mama yenu iko wapi?" Mchoraji, asiyejua uongo, anamwambia, "Mama alikufa, baba." Na mzee analia upya, anajipiga kifua, kama habari imefika sasa hivi. Kesho yake tena. Alimzika kila asubuhi, maskini. Nyumba ile ilikuwa na matanga yasiyoisha, na Mchoraji akakonda hadi nikaogopa.

Mara ya mwisho nilipomwona Mchoraji ilikuwa wiki niliyokuwa nafunga saluni, nahamia Bujumbura kwa Deo, mwanangu. Nilikwenda kuwaaga mchana, nimebeba sambusa. Nikasukuma mlango wa ua, nikasimama hapo hapo.

Mama yake alikuwa amechuchumaa jikoni.

Mgongo wake. Kitenge cha njano, kile cha kwendea sokoni, kimefungwa chini ya kwapa. Bega la kushoto limeshuka kwa ajili ya beseni la miaka yote. Kilemba, na chini ya kilemba mistari yangu, nilivyomsuka Ijumaa ya mwisho, hata ule mmoja niliokosea. Visigino vimepasuka. Mkono wa kulia unapepea mbabula, jiko lake la makaa. Ilikuwa ukuta tu, ukuta wa jiko unaotazamana na mahali mzee anapoanika miguu yake juani, na Mchoraji amekaa chini pembeni, brashi imemkauka mkononi.

"Umechora mu nyumba yake?" nilimnong'oneza. "Weye, ukuta wake mwenyewe?"

"Sikuweza tena kumwambia amekufa," akasema. "Leo akiuliza, nitamwonyesha. Akinifukuza, anifukuze."

Tukasikia fimbo. Mzee alitoka chumbani polepole, kofia yake imenyooka, macho chini kwenye viatu kama kawaida. Akashika ukuta, akajishusha kwenye mkeka. Mchoraji alikuwa amenishika kiwiko, na kucha zake zilinichoma.

"Mama yenu iko wapi?" akauliza mzee.

Mchoraji akanyoosha mkono tu, na mzee akaufuata mkono ule kwa macho.

Akaangalia. Aliangalia kuanzia kilemba akashuka begani, akashuka hadi visiginoni, akapanda tena. Nilingoja ghadhabu. Nilijua ana haki ya kughadhibika, ni nyumba yake na ni dini yake. Uso wake ukalegea, akatabasamu tabasamu ambalo sijawahi kuliona kwa mzee yule, la kijana.

"We mama," akasema taratibu, kwa ile sauti tamu ya adhana. "Geuka basi."

Akangoja. Akamtazama binti yake, ana wasiwasi kidogo. "Juu ya nini hageuki? Iko na hasira na miye?"

"Hapana, baba. Hana hasira."

"Basi umwambie ageuke, nimuone."

Kopo la rangi lilikuwa wazi miguuni mwa Mchoraji. Kama angelichukua brashi wakati ule na kumgeuza mama yake, mimi mkristo ningemwombea kwa Mungu wake, na sidhani angenikatalia. Mchoraji alilitazama kopo. Nilimwona anavyolitazama. Kisha akalifunika, akaenda akapiga magoti mkekani, akamshika baba yake miguu.

"Anapika, baba. Ulinikataza kumugeuza. Unakumbuka?"

Mzee hakukumbuka chochote. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama anavyoitikia mtu asiyemjua vizuri, na macho yake hayakutoka ukutani. "Haya. Amalize. Nitamungoja," akasema, akasogeza mkeka karibu.

Mchoraji alinigeukia. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni na meno yote nje anacheka.

"Mama Deo," akaniambia, "umeona? Ameangalia."